Pampasi Tumboni mwa Ng'ombe

Ya saba ilitoka pamoja na kipande cha kamba na majani ambayo hayakusagika. Dastan, afisa mifugo wa kata, aliidondosha juu ya ngozi, akaingiza tena mkono hadi kiwiko ndani ya tumbo la ng'ombe.

"Pampasi," alisema. "Na bado zipo."

Mzee Nyanda alikuwa amesimama pembeni na koti lake refu, ingawa jua la Nkoma lilikuwa limeshaanza kuuma. Huyu alikuwa ng'ombe wake wa tatu kufa tangu Juni, wote kwa namna moja: tumbo linavimba, mnyama hacheui, siku ya tano haamki. Kwa wale wawili wa kwanza alilaumiwa jirani, kwamba ni mchawi. Safari hii Thomasi, mwenyekiti wa kitongoji, alisema mnyama apasuliwe kwanza, uchawi baadaye.

"Ng'ombe anatafuta chumvi," Dastan alieleza. "Mkojo una chumvi. Akikuta pampasi imetupwa anaimeza yote, na tumbo haliwezi kuisaga."

Watu wapatao thelathini walisikia hivyo, wakageuka kutazama upande mmoja. Kitongojini kulikuwa na nyumba moja tu yenye mtoto mchanga na mshahara: nyumba ya Winnie, nesi wa zahanati.

"Kamwiteni," Nyanda alisema.

Winnie alikuja na Nancy wa miezi minane mgongoni. "Mwangaluka, bhabha," alimsalimu mzee. Hakuitikiwa. Akawasalimu wanawake waliokaa chini. Hakuitikiwa.

"Kila Jumatano unawapanga wake zetu kliniki," Nyanda alianza. "'Tunalima pamba, halafu tunawavisha watoto plastiki.' Si maneno yako hayo? 'Kata kanga kuukuu, shona nepi, fua, anika juani.' Na wewe mwenyewe?"

"Ndivyo ninavyofanya. Nepi kumi na nne ziko kwenye kamba sasa hivi. Nendeni mkahesabu."

"Mchana kamba, usiku pampasi," Specioza alidakia kutoka kwa wanawake. "Hatujui ya watu wa mjini?"

Wakacheka.

"Specioza, nepi za kwanza za mwanao nilizishona mimi, kwa mikono hii." Sauti ya Winnie ilitetemeka kwa hasira. "Miaka miwili nawafundisha. Sijawahi kununua pampasi ya mwanangu hata moja. Hata moja! Nipisheni nizione hizo takataka."

Walimpisha. Aliinama juu ya ngozi. Pampasi zilikuwa zimesokotana, nyeusi, zimejaa tope la majani. Akachukua kijiti, akageuza moja, akaivuta ukingo wake kidogo, akaitazama. Kisha akakitupa kijiti.

Alipoinuka, aliwatazama wanawake mmoja mmoja. Macho yake yaliishia kwa Kabula, mke wa Nyanda, aliyekuwa ameinamisha kichwa.

"Ng'ombe nitalipa," alisema. "Dastan, zifukie. Usizifungue."

Minong'ono ilipanda. Thomasi akainua mkono. "Kwa hiyo unakiri?"

"Nimesema nitalipa. Zifukieni tu."

Thomasi alisema waliokufa ni watatu, kwa hiyo watalipwa watatu. Na kwa uongo wa miaka miwili, sungusungu watamtenga hadi mavuno yajayo: hasalimiwi, hachoti maji kisimani, wala watoto wake hawachezi na mtoto wa mtu yeyote. Elia, mtoto mkubwa wa Winnie, alikuwa na miaka minne. Winnie alikaza mbeleko kifuani.

"Leo kliniki imefungwa mdomo," mtu mmoja alisema.

Nyanda ndiye ambaye hakuridhika. Tangu arudi kutoka hospitali Mwanza mwezi wa nne, alikuwa mtu wa hasira za karibu. Hakai kwenye mikutano, hapandi tena baiskeli, mnadani hakanyagi.

"Hapana," alisema. "Anataka kulipa haraka ili tusiione aibu yake. Zifunguliwe! Zioshwe, zitandikwe hapa hapa, kila mama aone mwalimu wao anavyomvisha mtoto."

"Bhabha, nakuomba," Winnie alisema kwa sauti ya chini. "Kwa heshima yako."

"Heshima yangu imeingiaje kwenye uchafu wa mwanao? Ng'ombe hawa walikuwa wananyonyesha nyumba nzima! Wajukuu zangu sasa wanakunywa uji mkavu kwa ajili ya uvivu wako wa kufua! Fungua, Dastan!"

Dastan alimtazama Winnie. Winnie alitikisa kichwa: usifungue. Dastan alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Fungua."

Akamwaga maji ya ndoo nzima. Akaichukua moja, akaikunjua taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, akaitandaza juu ya ngozi. Akapima sehemu ya kiuno kwa viganja vyake, mwanzo hadi mwisho, kisha akapima tena.

"Hii si ya mtoto," alisema. "Aliyevaa hii ana kiuno kama changu."

Hakuna aliyecheka. Nyanda alilifunga koti lake vifungo hadi chini. Kabula aliinuka kutoka kati ya wanawake, akaenda akasimama mbele ya mumewe, akiwapa watu mgongo.

"Uliniambia nizichome, baba Elizabeth," alisema. "Nesi akasema plastiki haichomwi penye watoto. Nikawa nazitupa korongoni."