Jenerali wa Kitengela

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu," Meitamei aliwaapia wazee wenzake kwenye buchari ya Kitengela. "Mbwa huyu nilimpa jina Jenerali siku alipofukuza simba watatu bomani. Nikidanganya, supu ya leo ni juu yangu."

"Hebu muite, mzee," mwenye buchari akasema.

"Jenerali!"

Mbwa alilala tu chini ya meza, nzi ametua puani.

"Anapumzika. Wakubwa hawakimbii ovyo."

Hapo mke wa Meitamei akatokea mlangoni. "Kachumbari! Wewe mwizi wa sahani ya pasta, kuja hapa!"

Mbwa akaruka kama ameguswa na waya wa stima, mkia ukigonga viti.

Wazee walicheka hadi kofia zikaanguka. Meitamei akaingiza mkono mfukoni polepole.

"Supu sita," akaagiza.

"Saba," mkewe akasema, akivuta kiti.