Maji ya Uvuguvugu

Dada mtu alifika juu ya paa akamkuta mdogo wake anamwagia ndoo ya maji ya bahari kioo cha sanduku lao la kuondoa chumvi majini kwa jua.

Kioo kilikuwa cha moto wa kuunguza. Cha kwanza kilipasuka hivihivi, kwa maji baridi, na mtaa mzima ukalala na kiu.

"Unataka kutuua wewe?"

"Subiri, dada, sikiliza kwanza..."

Spana ya dada ilimpata nyuma ya sikio. Aliangukia kioo kifudifudi, akateleza polepole hadi chini, akiacha mchirizi mwekundu.

Kioo hakikupasuka.

Dada akatumbukiza mkono ndani ya ndoo. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kumbe mdogo wake aliyaanika juani kwanza. Na kwenye mpira wa kutolea maji sandukuni, ambako siku zote yalidondoka matone ya kubembeleza, sasa maji matamu yalichuruzika bila kukatika. Kioo kilipoa, na mvuke wa ndani ukawa unageuka maji upesi.

Alipiga magoti, akaweka sikio puani mwa mdogo wake.

"Pumua, baba. Pumua basi."

Maji yalikuwa yanagonga tumbo la dumu tupu chini ya mpira, na hakusikia kingine.