Somo la Maadamu

Sheria inaruhusu kila kichwa lugha mbili tu. Ya tatu ikikamilika, moja hufutika. Ili akasomee udaktari Osaka, Atuganile alikubali kukiacha Kinyakyusa, lugha pekee aijuayo bibi yake.

Lilibaki somo moja, la “kagiri”, neno la Kijapani linaloweka sharti na mpaka, kama “maadamu” yetu.

“Zungumza na bibi yako kwanza,” mama alimsihi.

“Yuko shambani, mama. Wanasema kufutika huchukua siku kadhaa.”

Akatunga sentensi kwa Kijapani: maadamu niko hai, sitamsahau bibi. Mashine ya masomo ikaipokea, ikazima.

Bibi aliporudi, alianza salamu yake ndefu, ile ambayo mjukuu huchutama na kuijibu kituo kwa kituo. Atuganile alichutama. Kisha akamgeukia mama yake.

“Mama, anasema nini?”

“Anauliza umeshindaje, mwanangu.”

Bibi alikuwa bado anangoja. Atuganile akaitamka ile sentensi ya Kijapani, yote, polepole, huku akilia. Bibi alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akitafuta homa.