Mlango Unaosikia

Nyumba yetu ina kibali cha maji ya watu wanne. Ukimwitikia mgeni "karibu", mlango unamhesabu kuwa mkazi. Ndiyo maana mtu akipiga hodi, tunanyamaza.

Asubuhi ile mimi, mume wangu na binti yetu tulibana pumzi. Mama mkwe alikuwa jikoni akikanda unga.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu!" akaitikia, kwa mazoea ya miaka sabini.

Mlango ukafunguka wenyewe. Akaingia mwanamke aliyekimbia mafuriko, miguu imejaa tope.

"Mmekuwa watano," ukuta ukasema. "Askari watamchukua mmoja adhuhuri."

"Mama, umefanya nini?" mume wangu akanong'ona.

Mama akanawa mikono, akamimina chai vikombe vinne, cha kwanza akampa mgeni. Kisha akanigeukia.

"Baibui langu umeliweka wapi?"