Msumari wa Marehemu

Boti ilikuwa bado imefungwa gatini, abiria wamekwisha kukaa, fyuzi ya pampu ya kutolea maji ikakatika tena. Chini, maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Nahodha Faki alimtia Raya, fundi wake wa umeme, msumari kiganjani.

"Weka huu mahali pa fyuzi, tuondoke."

"Kazi ya fyuzi ni kukatika, nahodha. Huu haukatiki. Utakaoungua ni waya."

"Marehemu baba yako ndiye aliyeniachia. Tumesafiri nao miaka, hakuungua mtu." Faki alimtazama. "Au wewe umekuwa fundi kumshinda yeye?"

Raya alilala kifudifudi majini, akapenyeza mkono nyuma ya tangi la petroli, akaufuata waya kwa vidole. Ulikuwa mwembamba, waya wa taa ya chumbani, umefungwa kwa uzi mwekundu kama baba yake alivyofunga kila kitu. Pampu ile ilitaka waya mnene mara mbili. Mbele kidogo vidole vikakwama. Plastiki ilikuwa imeyeyuka na kugandia ubao, na ubao wenyewe umekuwa mkaa.

Alitoa mkono, akamnyooshea Faki. Nahodha akanusa masizi, kisha petroli.

"Washushe," Raya alisema.

"Nitawaambia nini?"

"Waambie baba yangu alikosea."

Faki alipanda juu taratibu. Raya akaukata waya kwa koleo. Uzi mwekundu hakuukata. Aliufungua kwa kucha, fundo baada ya fundo, huku nyayo za watu zikianza kusogea juu ya kichwa chake.