Antena Juu ya Basi

Tangu basi kuukuu walilolifanya nyumba livutwe kando kupisha barabara mpya, runinga ilionyesha chenga tupu. Zamani mume wa Zamda ndiye aliyepanda juu kuzungusha antena, naye Zamda akibaki ndani kumwelekeza kwa kelele. Sasa mume ni marehemu, na jioni hii binti yao anasoma habari runingani kwa mara ya kwanza.

Zamda akapanda mwenyewe. Jirani yake, Mama Tunu, akakaa ndani kwenye kiti cha marehemu.

"Bado! Rudisha kidogo! Shoga, unazungusha antena au unasonga ugali?"

Zamda akasogeza tena.

"Hapo hapo! Ndiye huyu! Macho yale yale ya baba yake!"

"Amevaa nini?"

"Shuka umwone mwenyewe!"

Akaachia. Sauti ya binti ikakatika, ikabaki mvumo. Akaidaka antena haraka, na sauti ikarudi.

"Siwezi kushuka. Niambie tu."

"Kilemba cha bluu. Amependeza, Zamda."

Zamda akaikumbatia antena, upepo ukimvuta kanga. Mwanga wa runinga ulipenya dirishani ukachezacheza mchangani, kando ya basi. Akawa anautazama huo.