Jina la Mkwe

Tunu aliigeuza kompyuta ili mama aliyeketi mbele yake naye aone. Mafuriko yalikuwa yametawanya watu, na Tunu ndiye aliyeandika programu ya kuwatafuta waliookolewa. Unaandika jina, programu inalipeleka kwenye huduma ya utafutaji iliyo ng'ambo, na jibu linarudi papo hapo.

"Mwanao anaitwa nani, mama?"

"Mimi namwita Baba," alisema Bi Nyamizi. "Ana jina la baba mkwe wangu, na kwetu mke halitamki."

Tunu hakumlazimisha. Alibonyeza kitufe huku kisanduku cha jina kikiwa kitupu, na ile huduma, kwa kuwa haikupewa jina la mtu, ikaleta waliookolewa wote. Majina yakajaa kioo kizima. Bi Nyamizi hakujua kusoma, lakini alisogea karibu.

"Wote hawa wazima?"

"Wazima. Ila bila jina siwezi kumpata wako."

Mama alijiziba mdomo kwa khanga. "Nisamehe, mkwe," alinong'ona, kisha akatamka: "Mihambo."

Tunu aliandika. Jibu likaja tupu. Akairekebisha programu ivumilie herufi iliyokosewa, akatuma tena. Tupu.

"Hayumo, mama."

Bi Nyamizi alikitazama kile kioo cheupe.

"Basi, mwanangu, rudisha pale nilipokuwa sijamtaja."

Tunu akafuta herufi moja moja kuanzia mwisho, kila mara akibonyeza kitufe, na majina ya watoto wa akina mama wengine yakaanza kurudi.